Naomba mwongozo: kuomba mahakamani kuonana na mtoto bila wakili (mimi Ilemela, mtoto yuko Ukerewe)

Mkazi wa Pasiansi

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo.

Nina binti wa miaka mitano, yuko darasa la awali Nansio, anaishi na mama yake. Hatukufunga ndoa wala hatujawahi kukaa nyumba moja. Jina langu limo kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA. Matumizi natuma kwa simu. Tangu Januari sijaonana na mtoto: nikipiga naambiwa amelala, nikifika naambiwa yuko kwa shangazi. Sina nia ya kumtoa kwa mama yake. Nataka siku zinazojulikana za kuonana naye, basi.

Fedha ya wakili sina. Je, naweza kufungua maombi mwenyewe? Nayafungua hapa Ilemela ninapoishi au Ukerewe? Naandika nini? Kuna wanaoniambia mtoto wa chini ya miaka saba ni wa mama, nisijisumbue. Nijulisheni pia makosa yanayofanya maombi yatupwe nje, maana kila safari ya Nansio ni nauli ya meli na siku ya kazi.

Karani Mstaafu

Marahaba, kijana. Unaweza. Hakuna kifungu kinachomlazimisha mzazi kuwa na wakili katika jambo hili.

Nianze na hilo la miaka saba, kwa sababu limewavunja moyo wazazi wengi bure. Linatoka kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Mahakama inapoamua mtoto akae na nani, inaanza kwa kuchukulia kwamba aliye chini ya miaka saba ni vema awe na mama yake, na hata hilo linaweza kupingwa kwa ushahidi. Hayo ni malezi, yaani mtoto analala wapi na anaamka wapi. Wewe huombi malezi. Unaomba kuonana na mtoto, na hayo ni maombi yanayosimama yenyewe chini ya kifungu cha 38 cha Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya 2009. Malezi yako kifungu cha 37. Ukivichanganya vifungu hivyo viwili kwenye karatasi moja, mama atasoma kwamba unakuja kumnyang'anya mtoto, na shauri ambalo lingekwisha kwa maelewano litageuka ugomvi wa miezi. Andika mapema kabisa kwenye maombi kwamba hupingi mtoto kuendelea kuishi na mama yake. Sentensi hiyo moja inapoza mambo mengi.

Kifungu cha 26 nacho kisome mwenyewe. Kinasema mtoto ambaye wazazi wake wametengana ana haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi wa pili, ilimradi utaratibu huo usivuruge masomo yake. Angalia haki hiyo imewekwa mikononi mwa nani: ni ya mtoto. Maombi yako yote yaelekee huko.

Mahakama: ni Mahakama ya Watoto, iliyoanzishwa na kifungu cha 97 cha sheria hiyohiyo. Usitafute jengo lenye kibao cha jina hilo. Ni hakimu mkazi anayeketi kama Mahakama ya Watoto, aghalabu kwenye majengo ya mahakama ya wilaya au ya mwanzo, kwa siku zilizopangwa. Karani wa wilaya atakuonyesha. Na ufungue Ukerewe. Najua Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki cha Buswelu kiko karibu na kwako kuliko Nansio, lakini fikiri: samansi itapelekwa Nansio, afisa ustawi wa jamii atakayekwenda nyumbani kwa mtoto ni wa Ukerewe, na mama atavuka maji na mtoto mdogo kila tarehe ya shauri. Hakimu wa Ilemela atakuuliza hayo siku ya kwanza, na unaweza kuambiwa urudi kulekule baada ya kupoteza wiki nyingi.

Kabla ya mahakama, pita ofisi ya Ustawi wa Jamii ya halmashauri ya Ukerewe. Hulipi kitu. Afisa atamwita mama kwa barua, mtakaa watatu. Mkikubaliana, yaandikwe siku hiyohiyo kwa tarehe na saa, msaini wote wawili, afisa agonge muhuri, kila mmoja aondoke na nakala. Mama asipofika, omba barua inayosema aliitwa tarehe fulani na hakufika. Watu wanaondoka bila barua hiyo, halafu mahakamani wanabaki kusema "nilikwenda ustawi" wakiwa mikono mitupu.

Nyaraka zenyewe: kanuni za utaratibu wa Mahakama za Watoto, Tangazo la Serikali Na. 182 la 2016, zina fomu kwenye jedwali lake. Mwombe karani fomu ya maombi, ujaze, uambatishe hati ya kiapo na vielelezo. Vyote viandike kwa Kiswahili. Marekebisho ya sheria ya 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kwa hiyo mchapaji wa nje ya lango akikuambia kiapo lazima kiwe cha Kiingereza na anakiandika kwa bei maalumu, mshukuru uendelee na safari. Toa nakala nne: ya mahakama, ya mama, ya ustawi, na yako. Shauri litaingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa Mahakama, hivyo uwe na namba ya NIDA na simu inayopatikana. Kama kuna ada utapewa kumbukumbu namba ya malipo. Lipa kwa namba hiyo tu, usimwekee mtu fedha mkononi. Ikiwa huna uwezo, barua ya kuomba kusamehewa ada iende pamoja na maombi, isije nyuma yake.

Msomaji wa Vifungu

Mzee ameeleza vizuri. Naongezea kwa watakaofika hapa wakiwa na hali tofauti na ya muuliza swali.

Waliofunga ndoa na wamo kwenye kudai talaka: kuonana na watoto kunaombwa ndani ya shauri la ndoa. Hapo Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka, sawa na ya wilaya, ya hakimu mkazi na Mahakama Kuu (kifungu cha 76 cha Sheria ya Ndoa). Ila ombi la talaka linahitaji cheti cha Baraza la Usuluhishi la Ndoa kwamba limeshindwa kuwapatanisha, na cheti kisiwe kimezidi miezi sita siku ya kufungua. Wengi wanakaa nacho kabatini mwaka mzima, kisha wanashangaa shauri likiondolewa. Kifungu cha 126 kinaruhusu mahakama kuweka masharti kwenye amri ya malezi: siku za mzazi wa pili kuonana na mtoto, ziara kwa ndugu, hata zuio la kumtoa mtoto nje ya Tanzania.

Walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawajua kama mke na mume: kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinaweza kuwachukulia kuwa wanandoa. Ndiyo maana ni muhimu muuliza swali aandike wazi kwenye kiapo kwamba hawakuwahi kuishi pamoja. Upande wa pili usipate nafasi ya kusema shauri limefunguliwa mahakama isiyostahili.

Na mama akisema mtoto si wako? Cheti chenye jina lako kinakubeba. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Mtoto kinataja vitu vinavyoweza kuthibitisha uzazi: jina kwenye daftari la vizazi, mila aliyofanya baba kwa ajili ya mtoto, kumkiri mtoto mbele ya watu, kukataa kupimwa, na majibu ya vinasaba (DNA). Kipimo cha vinasaba mtu hajiendei tu mwenyewe. Kinapitia Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kwa maombi ya mamlaka inayotambuliwa, mahakama ikiwemo. Usikiombe kama hakuna aliyekana. Kitakula muda wako na kuleta maneno yasiyokuwepo.

Hapo kwenye mila: wazee wa Usukumani na Ukerewe wanaweza kukuambia mtoto hawi wako mpaka utoe kitu kwa wakwe. Kama ulitoa, sema, ni ushahidi. Kama hukutoa, mlango wa mahakama haufungwi, kwa sababu kifungu cha 4 kinataka maslahi ya mtoto yatangulie.

Ustawi Kanda ya Ziwa

Tegemea hakimu kuagiza taarifa ya uchunguzi wa kijamii. Shauri la mtoto mara nyingi huamuliwa na karatasi hiyo kuliko maneno ya chumbani, kwa hiyo nieleze afisa anatazama nini.

Kwa mama ataona mtoto anavyoishi sasa. Kwako, kwa kawaida afisa wa Ilemela ndiye anayeombwa apite. Hatafuti nyumba ya kifahari. Anataka kujua mtoto akija atalala wapi, na nani mwingine analala chumba hicho. Chandarua kipo? Choo na maji vikoje? Nyumba ikiwa jirani na mwalo au barabara ya lami, nani anamwangalia mtoto mchana? Ukifanya kazi za usiku, nani anabaki naye? Jibu la "mama mwenye nyumba yupo" halitoshi. Afisa atataka kumwona mtu huyo, amsikie mwenyewe akikubali.

Halafu atakuuliza kuhusu mtoto. Anaitwaje mwalimu wake? Chanjo zimekamilika? Anaugua nini? Selimundu (sikoseli) ni ugonjwa wa wengi huku kwetu kanda ya ziwa. Kama binti anao, unajua vidonge vyake, siku yake ya kliniki, na kwamba hatakiwi kukosa maji wala kupigwa na baridi ya upepo wa ziwa? Baba anayejibu hayo amefanya kazi kubwa kuliko aliyeleta picha ya televisheni mpya. Kama huyajui kwa sababu umezuiwa, sema hivyo, na uombe mahakama iamuru uwe unapewa taarifa za shule na afya.

Mtoto naye atasikilizwa kwa kadiri ya umri wake. Wa miaka mitano hasikilizwi kwa kuhojiwa kama shahidi. Afisa anakaa naye chini, anamchorea, anamwacha aongee. Maneno ya kufundishwa yanajulikana upesi, kwa sababu mtoto anayarudia vilevile kila akiulizwa, na yanamharibia aliyemfundisha.

Umesema tangu Januari hamjaonana. Kwa umri huo ni muda mrefu. Usiombe kulala naye wiki ya kwanza. Anza na saa chache, mahali anapopazoea, mama au bibi akiwa karibu. Na kama mama ana sababu ya kweli ya hofu, pombe au kipigo, usiikane kwa kiapo. Omba uonane na mtoto mbele ya afisa ustawi kwa kipindi fulani, kisha hali iangaliwe upya. Afisa akiandika kwamba umekutana na mtoto mara sita na kila mara ulifika kwa wakati ukiwa mzima, hofu hiyo imejibiwa.

Mkazi wa Pasiansi

Wabeja sana. Nimeandika rasimu ya kiapo. Naomba mnikosoe kabla sijaenda kuapa:

"1. Mimi ni baba mzazi wa mtoto.
2. Mjibu maombi ni mama mkatili anayevunja sheria kwa kuwa mtoto ana haki ya kulelewa na wazazi wote wawili.
3. Majirani wamesema mtoto analia kila siku akiniulizia.
4. Nimetoa matunzo kila mwezi bila kukosa.
5. Naiomba mahakama iamuru nionane na mtoto mara kwa mara."

Karani Mstaafu

Umefanya vema kuileta hapa kwanza. Ingekwenda hivi, aya nne kati ya tano zingekuletea shida.

Kiapo ni ushahidi wako ulioandikwa. Kinabeba mambo yaliyotokea na unayoyajua wewe. Hoja za sheria, hisia na maombi hazina nafasi humo. Aya ya 2 ni tusi na hoja ya sheria kwa pamoja. Aya ya 3 ni maneno ya kusikia. Jirani akitaka kusema, aape kiapo chake mwenyewe. Aya ya 5 ni ombi, na mahali pake ni kwenye fomu ya maombi. Aya ya 4 ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote: "bila kukosa". Kama kuna mwezi mmoja ulikwama, mama ataleta mwezi huo, na kuanzia hapo hakimu anapima kila neno lako upya. Kusema uongo chini ya kiapo ni kosa la jinai. Taja mwezi uliokosa mwenyewe na sababu yake.

Andika namna hii, ujaze nafasi:

"1. Kwamba mimi ni mtu mzima, mkazi wa mtaa wa …, kata ya Pasiansi, Wilaya ya Ilemela, mwombaji katika maombi haya, na ninayoyaeleza nayafahamu mimi mwenyewe.
2. Kwamba mimi na mjibu maombi ni wazazi wa mtoto wa kike aliyezaliwa tarehe …. Nakala ya cheti chake cha kuzaliwa imeambatishwa kama kielelezo A1.
3. Kwamba mimi na mjibu maombi hatujawahi kufunga ndoa wala kuishi pamoja, na mtoto anaishi na mjibu maombi Nansio, jambo ambalo silipingi.
4. Kwamba hadi Desemba nilikuwa nikimtembelea mtoto takriban mara … kwa mwezi.
5. Kwamba tarehe …, … na … nilifika Nansio na sikuruhusiwa kumwona mtoto.
6. Kwamba tangu … nimetuma shilingi … kila mwezi kwa matumizi ya mtoto, isipokuwa mwezi wa … kwa sababu …. Taarifa ya miamala ni kielelezo A2.
7. Kwamba tarehe … mjibu maombi aliitwa ofisi ya Ustawi wa Jamii. Barua ni kielelezo A3."

Chini kuna sehemu mbili zinazosahaulika. Ya kwanza ni uthibitisho: unasema aya ya 1 hadi ya 7 ni kweli kwa kadiri unavyofahamu, unaweka mahali, tarehe na sahihi. Ya pili ni sehemu ya Kamishna wa Viapo, yaani mtu aliyeidhinishwa kisheria kuapisha watu: jina lake, mahali na tarehe ya kiapo, na kama anakufahamu mwenyewe au umetambulishwa kwake na mtu anayemfahamu. Pakiachwa tupu hapo, hati ina kasoro, na viapo vingi vimetupwa kwa kasoro hiyo hata pale maneno ya juu yalipokuwa mazuri. Usisaini nyumbani ukamtuma mtu na karatasi. Saini mbele ya kamishna. Mahakimu pia ni makamishna wa viapo, kwa hiyo unaweza kuapia palepale mahakamani. Kila kielelezo kiwe na alama yake kwenye ukurasa wa kwanza, na alama hiyo ilingane na aya iliyokitaja.

Msomaji wa Vifungu

Kuhusu kielelezo A2: picha ya skrini ya simu inapingika kirahisi. Nenda duka la mtandao wako uombe taarifa ya miamala yenye muhuri. Jumbe za mama, kama utazitumia, chapisha mazungumzo yote na namba na tarehe zikionekana. Usichague mistari inayokupendeza. Kisha eleza kwenye kiapo kwamba simu ni yako, ilikuwa mikononi mwako, na ulichapisha wapi na lini. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua ushahidi wa namna hiyo, lakini mahakama inapima kama chanzo chake kinaaminika. Simu yenyewe uende nayo siku ya kusikilizwa ikiwa na chaji.

Chumbani: shauri linasikilizwa faragha, na kifungu cha 99 cha Sheria ya Mtoto kinataka liendeshwe kwa namna isiyo ya kirasmi sana, afisa ustawi akiwepo. Mama atapewa muda wa kuwasilisha kiapo kinzani, yaani kiapo chake cha kukujibu. Kisome aya kwa aya, uandike pembeni ipi unaikubali na ipi unaikataa, kwa sababu hakimu atauliza hivyohivyo. Usimkatize mama akizungumza. Tarehe moja ukikosa bila taarifa, maombi yanaweza kufutwa. Upepo ukizuia meli, mpigie karani asubuhi ileile, kisha ubaki na tiketi.

Mama Kulwa, msaidizi wa kisheria

Hapo kwenye "mara kwa mara" ndugu zangu hawajapagusa vya kutosha, na mimi naona ndipo roho ya jambo ilipo. Amri inayosema "mwombaji aonane na mtoto mara kwa mara" haiwezi kukaziwa na yeyote. Mama atasema mara moja kwa mwaka ni mara kwa mara. Hakimu hana ratiba ya shule wala ya meli kichwani, mpelekee. Mfano wa maombi kwa mtoto huyu:

"Mwombaji aonane na mtoto Jumamosi ya kwanza na ya tatu ya kila mwezi, kuanzia saa 4:00 asubuhi hadi saa 9:00 alasiri, ndani ya mji wa Nansio, kwa miezi mitatu ya kwanza, mjibu maombi au ndugu atakayemteua akiwepo.

Baada ya miezi mitatu hiyo, siku na saa hizohizo bila msimamizi.

Baada ya miezi sita, mtoto akae na mwombaji Pasiansi siku saba katika likizo ya Juni na siku saba katika likizo ya Desemba. Mwombaji amfuate na kumrudisha mwenyewe, kwa gharama zake.

Mwombaji azungumze na mtoto kwa simu kila Jumatano na Jumapili kuanzia saa 1:00 hadi 1:15 usiku, kwa namba …

Usafiri wa ziwani ukisitishwa, siku hiyo ihamie Jumamosi inayofuata bila kurudi mahakamani.

Mzazi atakayeshindwa atoe taarifa kwa ujumbe wa maandishi angalau saa 48 kabla."

Mahali pa kukabidhiana pasiwe gatini. Meli inachelewa, watu wanasukumana na mizigo, mtoto analia, wazazi wanaanza kujibizana mbele ya abiria. Nyumbani kwa bibi mzaa mama au nyumba ya jirani mnayemkubali wote wawili panafaa zaidi. Saa 4:00 nimeiweka kwa makusudi: inamfaa anayefika Ijumaa jioni akalala Nansio. Ukitegemea kufika asubuhi ileile, utachelewa, na kila kuchelewa kutaandikwa. Meli isipokuwepo, barabara ya Bunda na kivuko cha Kisorya hadi Rugezi kinakufikisha, ila hesabu siku nzima. Mtoto asikabidhiwe kwa mhudumu wa meli wala asivushwe kwa mtumbwi. Mkiwa majini avae jaketi okozi linalomtosha, maana la mtu mzima linamvuka kichwani.

Matunzo yaendelee kama kawaida shauri likiwa mahakamani. Kuna wanaosimamisha ili kumshinikiza mama. Anayelala njaa ni mtoto, na hakimu anaiona mara moja.

Sisi wasaidizi wa kisheria tunaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 tunaweza kukuelekeza, lakini hatusimami mahakamani kwa niaba yako, wala haturuhusiwi kukutoza. Anayekutoza akijiita msaidizi wa kisheria, mwache.

Bibi wa Sengerema

Poleni na majukumu. Nami nauliza: mjukuu niliyemlea tangu ananyonya mpaka darasa la pili, baba yake amemchukua na hanipi hata simu. Bibi anaweza kuomba?

Mama Kulwa, msaidizi wa kisheria

Shikamoo bibi. Unaweza. Kifungu cha 38 hakikuishia kwa wazazi. Kimemtaja pia mlezi, na ndugu aliyekuwa akimtunza mtoto. Kazi yako ni kuonyesha huko kutunza: kadi ya kliniki uliyokuwa ukiipeleka, barua ya mwalimu mkuu inayosema wewe ndiye uliyeandikishwa kama mlezi, barua ya mwenyekiti wa kijiji. Fungua wilaya anakoishi mtoto sasa. Akiwa Mwanza mjini, daraja la Kigongo–Busisi limekupunguzia kusubiri kivuko, omba siku moja ya wikendi na sehemu ya likizo.

Mkazi wa Pasiansi

Swali la mwisho. Amri ikitoka na mama akaendelea kukataa?

Karani Mstaafu

Siku ya uamuzi, kabla hujatoka, omba kwa maandishi nakala ya uamuzi na ya amri. Muda wa rufaa unahesabiwa tangu siku hiyo, kwa wewe na kwa mama.

Akikataa, usimchukue mtoto shuleni kwa nguvu wala kwa ujanja. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Mtoto kinakataza kumwondoa mtoto kwa mtu anayemlea kihalali, na amri uliyoshinda itageuka dhidi yako. Nenda siku na saa iliyoandikwa. Usipopewa mtoto, pita kwa mwenyekiti wa mtaa au ofisi ya ustawi waandike kwamba ulifika. Weka daftari: tarehe, saa, nani alikujibu, alisema nini, kwa maneno yake. Kukataliwa mara moja huenda ni mtoto kuugua kweli. Zikifika mara mbili au tatu, rudi mahakama ileile, kwenye namba ileile ya shauri, uombe amri ikaziwe, na ueleze kwa kiapo kipya tarehe hizo. Hakimu anaweza kumwita ajieleze kwa nini asihesabiwe kuwa ameidharau mahakama. Mara nyingi wito huo peke yake unatosha.

Na hali ikibadilika, mfano mtoto ameanza darasa la kwanza na ana masomo ya Jumamosi, msivumiliane kimya mpaka amri ife. Ombeni ibadilishwe. Mkikubaliana siku mpya, iandikeni mbele ya afisa ustawi, mpeleke mahakamani iingizwe kwenye jalada.

Ukienda kufungua, beba cheti cha kuzaliwa chenyewe pamoja na kivuli chake. Karani atataka kulinganisha.